Majogoo Ishirini wa Mwalimu Loisi

Marahaba. Marahaba tena kwa nyinyi wa nyuma mlioanza kusoma bila kuniamkia; nimewaona. Naitwa Damari, ila ukifika sokoni Kilosa ukamuulizia Damari utaambiwa hawamjui. Uliza Mama Bambo. Bambo ni kile chuma chembamba chenye mfereji ambacho tunachoma nacho gunia ili tuone kilichomo katikati, maana juu ya gunia kila mkulima ni mtakatifu. Nilitembea nacho kwapani miaka thelathini na minne, dalali wa mazao: mahindi, ufuta, mbaazi, na msimu mmoja wa aibu, nyanya. Sasa nimestaafu. Magoti yalitangulia, mimi nikafuata.

Vijana wa kanisani kwetu waliniomba niandike kuhusu kazi yangu. Nilikaa nikiwa na hamu ya kuwafundisha kumkamata anayechanganya ufuta na mchanga: chukua kiganja kimoja, tia kwenye bakuli la maji, koroga, mchanga unakaa chini na mwenye mali anaanza kuangalia mawingu. Nilitaka pia kuwaambia kwamba punje ya mahindi iliyokauka inalia ukiiuma, na isiyolia irudishwe juani na mwenyewe. Lakini nimegundua hamna haja na ufuta. Siku hizi ufuta unapelekwa ghalani, mkulima anapewa stakabadhi, mnada unafanyika kwenye skrini, na dalali kama mimi angekufa njaa. Kila kijana ninayekutana naye anabofya simu na kuniambia anafanya opsheni. Basi nitaandika kuhusu opsheni. Msicheke! Hiyo biashara niliifanya kabla simu ya mkononi haijafika Kilosa, na ilinipiga mpaka nikasahau jina langu la ubatizo.

Sikilizeni. Ulikuwa unakwenda kwa mkulima, ufuta wake ukiwa bado una maua. Mnakubaliana bei na siku ya mwisho. Unamwachia hela kidogo, sisi tunaita kishika uchumba, ili asimuuzie mwingine. Siku ikifika, bei ya sokoni ikiwa imepanda kupita ile mliyokubaliana, unakuja mbio na magunia yako. Ikiwa imeshuka, huji. Unanunua kwingine kwa bei rahisi, na kishika uchumba chako kinabaki kwa mkulima, akanunue sukari. Ndiyo opsheni hiyo. Hakuna kingine humo ndani, hata wakiipamba kwa mishale ya kijani na nyekundu.

Kwa hiyo kuna watu wawili tu: anayetoa kishika uchumba na anayekipokea. Mimi nimekuwa wote wawili.

Nilianza kama mtoaji. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lugome, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto la Kilosa na hakuwahi kutueleza kwa nini. Aliniambia, "Damari, kabla hujasema bei itapanda, niambie itapanda lini." Nikasema ndiyo baba, kama mnavyosema nyinyi sasa hivi huku mkiangalia simu.

Nikaenda Kidete, kwetu kwa upande wa mama, nikawaachia wakulima saba kishika uchumba cha mahindi yao yaliyokuwa vihengeni. Siku ya mwisho Jumamosi, saa sita mchana. Wiki ya kwanza bei imelala. Ya pili imelala. Ijumaa jioni zikaja habari kwamba malori yamejaa Kilosa, mahindi yanagombaniwa. Nilicheza! Nilicheza peke yangu chumbani na ufagio. Asubuhi niko stesheni na magunia matupu, nimejipaka mafuta mpaka viwiko. Treni hakuna. Mto Mkondoa umefurika usiku, umekula tuta la reli, na mafundi ndiyo kwanza wanachemsha chai.

Nilifika Kidete Jumatatu, nimepakiwa kwenye kiberenge cha mafundi wa reli, nimekalia sanduku la misumari. Mahindi yalikuwa yameuzwa Jumamosi saa nane, kwa mtu aliyekuwa amelala palepale kijijini. Mama mmoja, mkubwa kwangu, akaniambia, "Damari, mwanangu, salamu zako nimezipokea, lakini saa sita ilipita." Akanipa sahani ya makande. Mahindi niliyoyatabiria bei bila kukosea hata shilingi nikayala yamechemshwa, na nikashukuru. Mzee Lugome aliposikia alicheka mpaka kofia ikamdondoka, na ndipo tukaona kipara.

Mjukuu wa jirani yangu, fundi simu, hununua haki kama hiyo ya kununua, ndiyo opsheni, kwenye programu ya simu kila Jumatatu, na Ijumaa zinakufa. Ananiambia, "Bibi, nilikuwa sahihi, ilipanda, ila Jumanne iliyofuata." Namwambia karibu makande. Anayenunua haki ya siku chache inabidi apatie kitu, apatie kitakwenda juu au chini, na apatie siku. Viwili kati ya vitatu havilipwi. Alishapata mara moja, wiki moja tu, na hiyo wiki ndiyo anayoihadithia mpaka leo kila akifungua kioo cha simu ya mtu.

Kuna mmoja tu aliyeielewa biashara hii mara ya kwanza, na alikuwa mfugaji wa Msowero aliyeitwa Saitoti. Nilimfuata na elfu ishirini, kishika uchumba cha madume matatu ya ng'ombe, mwezi mzima.

"Ukirudi, bei imeshuka?" akaniuliza.

"Sichukui. Elfu ishirini yako."

"Ikipanda?"

"Nachukua kwa bei yetu ya leo."

"Kwa hiyo, mama, ng'ombe akipanda ni wako, akishuka ni wangu. Na mwezi mzima namlinda nani? Mimi." Akawaita wake zake wote watatu waje wanitazame. Kisha akasema, "Leta laki mbili tuongee." Nilikasirika njia nzima mpaka Kilosa, na katikati ya hasira nikajiuliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kujiuliza: kama wakulima wengine wanapokea elfu ishirini kirahisi hivyo na mara nyingi mnunuzi harudi, kwa nini mpokeaji nisiwe mimi?

Hapo ndipo nilipohama upande. Wafanyabiashara wa Morogoro walikuwa wanatafuta uhakika wa ufuta kabla ya msimu. Nikawa nawauzia mimi. Niachie kishika uchumba, nami nitakupa ufuta kwa bei hii mpaka siku fulani. Ufuta wenyewe sina! Nilikuwa najua wakati wa mavuno bei hushuka, kila mtu anauza, na mfanyabiashara atanunua kwingine aniachie hela zake. Mwaka wa kwanza hawakuja. Wa pili akaja mmoja, nikamnunulia sokoni na bado nikabaki na faida. Misimu sita, vijana. Nikaezeka bati. Nikanunua redio ya kaseti mbili. Nikaanza kwenda ghalani na viatu vya kisigino, na nikawa sizungumziki.

Mzee Lugome aliniuliza mara moja tu. "Damari, huo ufuta uko wapi?"

"Utakuwepo, baba."

"Sijauliza kama utakuwepo. Nimeuliza uko wapi."

Nikamwambia wivu ni dhambi. Msimu wa saba nikapokea vishika uchumba vya watu tisa, magunia mia na themanini. Nyumbani nilikuwa na magunia kumi na mawili.

Haya, sasa niwaache kwanza barazani kwangu mngoje mwisho wa msimu huo, nimlete Loisi, kwa sababu ndiye aliyesababisha niandike haya badala ya ufuta.

Loisi ni binti wa binti yangu, mwalimu wa hesabu wa sekondari kule Mikumi. Amepanga vyumba viwili, na kwa miaka minne alikuwa akiweka akiba ya kiwanja. Alikuja Kilosa mwezi wa kumi na mkate na mafuta ya kula, akapiga goti.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Ndivyo ninavyomwita, maana babu yake marehemu alimpenda kuliko mimi.

Akafungua simu. Nikasema ee, na wewe? Akacheka. "Mimi sinunui, Bibi. Wanaonunua ndio wanaoliwa. Mimi nauza. Nauza haki ya kununua hisa za kampuni ya ng'ambo kwa bei ya juu ambayo haifiki. Wananilipa, tarehe inapita, hela inabaki kwangu. Miezi minne sijakosa. Ni kama mshahara wa pili!"

"Na hizo hisa unazo?"

"Siyo lazima niwe nazo. Ile akiba ya kiwanja inakaa kama dhamana tu, haiguswi. Januari nachukua mkopo wa mshahara, niongeze."

Alikuwa amekaa kwenye kochi langu na mkate mapajani, kama mimi mwenyewe wa misimu ile sita, na viatu vya kisigino juu. Nilitaka kumsimulia msimu wa saba palepale, nikaona aibu. Sijawahi kumsimulia mtu wa damu yangu aliyezaliwa baada ya ule mwaka. Halafu najua mwalimu wa hesabu hasimuliwi, anaonyeshwa. Nikafungua pindo la kitenge, nikatoa elfu ishirini.

"Niuzie haki," nikasema. "Majogoo ishirini wa kienyeji, elfu ishirini kila mmoja. Mwisho tarehe ishirini na nne Desemba, saa sita mchana."

"Bibi! Mikumi jogoo ni elfu kumi na nane. Hutakuja."

"Basi kula hela."

"Lakini mimi sifugi kuku."

"Hizo hisa unazifuga?"

Alicheka sana yule mtoto, akachana karatasi ya daftari, akaandika vizuri kama anavyoandika ubaoni, tukaweka saini. Elfu ishirini akaibusu. Mimi nikaenda kuazima matenga mawili.

Sasa rudini barazani kwangu, msimu wa saba. Mvua ilikuwa imekatika mapema, ufuta umeungua mashambani, na wanunuzi wa nje wanautaka kwa bei yoyote. Nikatoka asubuhi na kopo la maji ya kunawa. Watu tisa wamekaa kwenye benchi langu, wamejipanga, kila mmoja na magunia yake matupu. Wakasimama pamoja. "Shikamoo mama!" Sijapata kuamkiwa kwa heshima kama ile maishani mwangu, na sijapata kutamani kiasi kile kuwa maiti.

Dalali akikimbia Kilosa, hakuna atakayemfungulia gunia tena, yeye wala wanawe. Nikanunua. Niliponunua bei ikazidi kupanda, kwa sababu kila mwenye ufuta alishasikia Mama Bambo anatafuta. Bati likaenda, redio ikaenda, na bado magunia sitini. Nikapanda treni kwenda kwa mjomba wangu Kidete. Kwetu shamba linafuata ukoo wa mama: la bibi linakwenda kwa mama, la mama linakuja kwa binti. Bila mjomba kukubali haliuzwi. Mjomba aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Tuliuza shamba lote la kando ya mto. Mama yangu alikuwa hai. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na migomba?" Nikamwambia na migomba. Niliumia na bado naumia, hata wakati huu naandika nikiwa na miwani na afya yangu.

Tarehe ishirini na nne Desemba nilipanda basi la kwanza, nikapita Kilangali matenga yakiwa juu ya keria, na saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Loisi. Alitoka na mswaki mdomoni.

"Bibi! Shikamoo! Umekuja kula sikukuu!"

"Marahaba. Nimefuata majogoo."

Akacheka, povu likamtoka. Nikaweka laki nne mezani, noti juu ya noti, na ile karatasi ya daftari pembeni. Akaacha kucheka. Mimi kwa ndani nilikuwa nakufa kwa kicheko, nikakaza uso kama wa mahakamani.

Kama hamjawahi kununua kuku Mikumi siku hiyo, msijaribu. Magari ya mahoteli ya watalii yalikuwa yamepita jana yake na kubeba hata vifaranga vyenye matumaini. Jogoo alikuwa elfu arobaini. Loisi akanunua wawili huku akibembeleza. Wa tatu akaambiwa arobaini na tano. "Si umesema arobaini sasa hivi?" Yule mama muuza kuku akamjibu kwa upole, "Mwalimu, sasa hivi nimekuona unakimbia." Habari zikatangulia sokoni kwamba mwalimu wa hesabu anatafuta majogoo kwa shida, na kila kibanda alichofika bei ilikuwa imeshafika kabla yake. Saa nne alikuwa nyuma ya gereji anamfukuza jogoo mmoja mwekundu aliyekata kamba, wanafunzi wake wakimshangilia, "Mwalimu, kona! Mzibie kwenye kona!" Nilikaa juu ya tenga nikacheka mpaka machozi yakaingia kwenye miwani.

Saa tano na nusu akarudi. Amechanika kanga, ana manyoya kichwani, ana majogoo kumi na mmoja na pochi tupu. Akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Bibi, nisamehe hao tisa waliobaki."

"Sokoni hakuna bibi," nikasema.

Alinitazama. Akafuta macho kwa pindo la kanga, na hapo kicheko chote kiliniisha. Nikakaa naye kwenye ngazi, majogoo wakipiga kelele ndani ya matenga, nikamsimulia: wale watu tisa, mjomba, migomba. Nilipomaliza akauliza, "Hilo shamba lingekuwa la mama?"

"La mama yako. Halafu lako."

"Kwa hiyo kiwanja ninachotafuta miaka minne..."

"Ndiyo."

Nilingoja anichukie. Badala yake akachukua simu, akaanza kuniuliza maswali kama mimi ndiye mwalimu: huyu anayenunua kwangu akija, nitapata wapi hisa? Sokoni. Kwa bei gani? Ya siku hiyo. Kupanda kwake kuna mwisho? Jogoo mwenye kamba iliyokatika ana mwisho? Akafungua kurasa, akapiga hesabu nyuma ya ile karatasi yetu ya majogoo. Alikuwa ameuza haki kumi na nne, na bei ilikuwa imeanza kupanda kuelekea mahali alipoapa haifiki. Jioni soko la ng'ambo lilipofunguliwa akazinunua tena zote ili ajitoe. Ilimgharimu faida yote ya miezi ile na kipande kidogo cha akiba ya kiwanja. Alilia kidogo. Mimi nikampa elfu ishirini ishirini za wale kumi na mmoja kama tulivyoandikiana, tisa nikamsamehe, na mmoja tukamchinja kwa ajili ya sikukuu. Alikuwa mgumu ajabu. Nadhani ndiye yule mwekundu.

Ingekuwa ni hadithi ya kuwatisha, ningewaambia sasa kwamba Januari bei ya zile hisa ilipaa na mjukuu wangu akaokoka. Haikupaa. Wiki ya tatu ya Januari akanipigia saa za shule. Hata hakuniamkia.

"Bibi, tarehe imepita usiku. Bei ilirudi chini. Haikufika."

"Aha."

"Ningekaa tu, ningekula zote kumi na nne. Zote, Bibi."

"Ungekula zote," nikasema. "Mimi nilikula misimu sita."

"Umenikosesha hela."

"Nimekukosesha. Nisamehe."

Kule nyuma wanafunzi walikuwa wanasukuma madawati, mtu anapiga mbinja.

"Na Jumatatu," akasema taratibu, "ningeenda kuchukua ule mkopo."

"Ungeenda."

"Ningeuza mara tano yake, Bibi."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama mtu aliyejiona kwenye kioo bila kutarajia. Kisha akaniambia kengele imelia, akaniamkia shikamoo aliyokuwa ameisahau, akaingia darasani.